Spana Kumi, Kumi na Mbili, Kumi na Nne: Injini Ndogo za Kijapani kutoka Hamamatsu hadi Quiterajo

Quiterajo ni makao ya tarafa katika wilaya ya Macomia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Juu yake kidogo Mto Messalo unaingia Bahari ya Hindi. Kusini zinafuata Pangane na Mucojo, na baharini vimejipanga visiwa vya Quirimba hadi Ibo na kuendelea. Wenyeji wa ufukweni wengi ni Wamwani, watu wa bahari na wa msikiti, ambao Mswahili wa Mtwara huelewana nao bila taabu kubwa. Ukiingia bara kidogo unawakuta Wamakonde na Wamakua. Lami haifiki huko. Njia ya kwenda mjini Macomia ni mchanga mzito, kisha udongo wa bondeni ambao mvua ikinyesha hukamata gurudumu na kuling'ang'ania. Messalo ukifurika, gari halipiti. Inabaki bahari, nayo ina kusi yake na kaskazi yake.

Mahali kama hapa mashine haibembelezwi. Hakuna wakala wa kampuni, hakuna duka la spea lenye rafu zilizojaa, hakuna kompyuta ya kupimia hitilafu. Injini ikizima, itafufuliwa hapo hapo na mtu aliyepo kwa kifaa alichonacho, la sivyo itageuka chuma chakavu. Kwa hiyo sifa ambayo pikipiki na mashine za boti za zamani za Kijapani zimejipatia kuanzia Lamu hadi Ibo inastahili kuchunguzwa kwa makini. Watu wetu wameziamini kwa maisha yao, wakavuka nazo mikondo na mapori. Kudumu kwa injini hizo kuna historia, na historia hiyo inaanza kwa umaskini wa Wajapani wenyewe.

Ringi hamsini

Soichiro Honda alizaliwa mwaka 1906 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shizuoka, mtoto wa mhunzi. Alikuwa fundi wa gereji kabla ya kuwa tajiri. Katika miaka ya 1930 aliamua kutengeneza ringi za pistoni, vile vipete vyembamba vya chuma vinavyoizunguka pistoni ili mgandamizo usivuje na oili isipande juu. Kipande ni kidogo, lakini uhai wa injini nzima unakitegemea. Ringi zake za mwanzo zilikuwa mbovu. Honda, mtu mzima mwenye karakana yake, akarudi darasani katika shule ya ufundi ya Hamamatsu kujifunza sayansi ya metali. Honda, mtu mzima mwenye karakana yake, akarudi darasani katika shule ya ufundi ya Hamamatsu kujifunza sayansi ya metali. Akazunguka vyuo na viwanda vya chuma akiuliza, mpaka akajua kilichopungua katika utengenezaji wake.

Vita Kuu ya Pili ikaja, mabomu yakaupiga mji wa Hamamatsu, na tetemeko la Januari 1945 likamalizia kiwanda chake. Honda akauza mabaki kwa Toyota. Mwaka 1946 Japani ilikuwa nchi ya magofu. Treni zilifurika abiria, petroli ilikuwa ya mgao, chakula kilitafutwa vijijini kwa baiskeli. Honda akapata shehena ya injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi, zipatazo 500. Akazifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la majaribio lilikuwa chupa ya bati ya kuwekea maji moto kitandani. Petroli ikichelewa, ilichanganywa na mafuta yaliyokamuliwa kutoka mizizi ya misonobari. Injini za jeshi zilipokwisha akatengeneza yake, na Septemba 1948 kampuni ya Honda ikaandikishwa rasmi.

Fundi yeyote wa pwani yetu anayasoma maisha hayo kama ya jirani yake. Injini ya kazi moja kuhamishiwa kazi nyingine, tangi la kuokoteza, mafuta ya kuchanganya: ndiyo maisha ya gereji zetu hadi leo. Ushindani wa pikipiki wa Japani ya kisasa ulizaliwa katika hali hiyo. Makampuni yaliyoibuka yalizidi mia moja, na mengi yalikuwa Hamamatsu na vitongoji vyake. Suzuki, kiwanda cha mashine za kufumia nguo kilichoanzishwa katika eneo hilo mwaka 1909, kikatoa baiskeli yake ya injini mwaka 1952. Yamaha, mtengenezaji wa vinanda wa mji huo huo, akatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1 ya cc 125, mwaka 1955. Barabara nyingi za Japani wakati huo zilikuwa za vumbi na mawe, na mashindano yalifanyika kwenye miteremko ya milima ya volkano. Pikipiki laini haikupona. Makampuni yakafa moja baada ya jingine, na yaliyosalia yalikuwa yamejifunza kutengeneza kitu kinachostahimili njia mbovu.

Mambo mawili ya kiofisi yaliongeza nguvu. Mwaka 1949 Japani ilitunga sheria ya viwango vya viwanda, na mwaka 1950 Mmarekani W. Edwards Deming alialikwa na chama cha wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo kufundisha namna ya kupima ubora kwa hesabu, hatua kwa hatua, badala ya kungoja kasoro ionekane mwishoni. Matunda ya viwango hivyo unayaona leo ukifungua kisanduku cha fundi wa pikipiki popote Afrika Mashariki. Spana namba 10 inafungua boliti ya milimita 6, namba 12 inafungua ya milimita 8, namba 14 inafungua ya milimita 10. Kwa spana hizo tatu, bisibisi ya nyota na spana ya plagi, sehemu kubwa ya pikipiki ya Kijapani inalala chini vipande vipande. Mvulana anayejifunza ufundi chini ya mwembe anazishika kwa mkono kabla hajajua kusoma namba zake.

Agosti 1958 Honda ikatoa Super Cub. Mshirika wa Soichiro Honda, Takeo Fujisawa, alikuwa ametaka pikipiki ambayo kijana anayepelekea watu tambi aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika sinia. Kwa hiyo ikawekewa klachi inayojifanyia kazi yenyewe, magurudumu makubwa ya inchi 17, na ngao ya plastiki ya kukinga miguu na tope. Injini yake ndogo, chini ya cc 50, ilikuwa ya mipigo minne wakati wengi walitegemea mipigo miwili, nayo ilitoa nguvu farasi 4.5. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilizotengenezwa duniani zilitimia milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia idadi hiyo.

Mashine inapozama

Upande wa bahari, Yamaha ilitoa mashine yake ya kwanza ya kufunga nyuma ya boti mwaka 1960. Wakati huo soko la dunia lilikuwa la Wamarekani, hasa Johnson na Evinrude. Yamaha ilitazama upande ambao wengine hawakuutilia maanani: mvuvi mdogo wa Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki, anayeondoka alfajiri, anayebeba mzigo uliozidi kipimo, anayetumia mafuta yaliyokaa kwenye dumu, asiye na kituo cha huduma. Kampuni ikatuma watu kwenye fukwe za mbali na ikachapisha jarida la uvuvi kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Humo ndimo ulimotoka ukoo wa Enduro, mashine za mipigo miwili za nguvu farasi 8, 15, 25, 40 na kuendelea, ambazo kuanzia miaka ya 1980 zimekuwa sauti ya kawaida ya bandari ndogo za Afrika. Zipo hata za kutumia mafuta ya taa, kwa pwani ambazo petroli ni ghali au haipatikani.

Tusitie chumvi. Wavuvi wengi wa Quiterajo na visiwa vya jirani wanaishi kwa tanga, kasia na upondo. Mashine ni ya wachache: mwenye mashua ya kubebea abiria na samaki wakavu, mvuvi mhamaji aliyetoka Nampula au Tanzania, mfanyabiashara anayezunguka visiwani. Lakini mashine moja inagusa wengi. Mgonjwa, mama mjamzito, mfuko wa unga na barua ya mwalimu vyote hupita hapo.

Ubora wa mashine hizo unaonekana vizuri zaidi siku zinapopatwa na msiba. Chukua boti iliyopinduliwa na mawimbi ya mlangoni, mashine ikazama ikiwa moto. Maji ya chumvi yameingia kwenye silinda na kwenye krenki. Fundi anajua kwamba adui hasa atafika ikishatolewa majini, hewa ikikutana na chuma chenye chumvi. Akiiacha hadi kesho, beringi zitakuwa zimeshaanza kushika kutu. Basi inatolewa na kuoshwa hapo hapo kwa maji baridi ya kisima, ndoo baada ya ndoo. Plagi mbili zinafunguliwa, mashine inalazwa matundu yakitazama chini, kamba inavutwa polepole, na maji yanaruka nje. Kabureta linafunguliwa, kikombe chake kinamwagwa. Petroli iliyochanganywa na oili inamiminwa ndani ya silinda, kamba inavutwa tena ili oili iguse kila pembe. Plagi zinakaushwa motoni na kurudishwa. Mivuto ya kwanza inatoa moshi mweupe na kelele za kukohoa. Kisha inashika, na fundi anaiacha ikinguruma kwa muda mrefu mpaka unyevu wote utoke.

Kila hatua hapo iliwezekana kwa sababu ya uamuzi wa mbunifu. Injini ya mipigo miwili ya aina hiyo haina valvu juu wala cheni ya taiming. Moto wa plagi unatoka kwenye sumaku inayozunguka ndani ya gurudumu la juu, kwa hiyo betri haihitajiki. Kabureta ni kopo, boya, sindano na jeti, vitu unavyoviona kwa macho na kuvizibua kwa waya mwembamba. Pampu ya maji ya kupooza ni kigurudumu cha mpira ndani ya mguu wa mashine, kinachobadilishwa mchanga ukikila. Nyuma ya mashine kuna kitundu kinachorusha kijito cha maji, na nahodha anayekitazama anajua kama mashine inapumua au inakaribia kunoki. Mashine yenyewe inamwambia mtu hali yake, na mtu yeyote aliyeizoea anaielewa.

Gharama yake nayo ni ya kweli. Mipigo miwili hutupa nje sehemu ya mafuta kabla hayajaungua, hula petroli nyingi na kuacha utando wa oili juu ya maji. Kwa sababu hiyo Marekani na Ulaya ziliweka sheria kali kuanzia miaka ya 1990, na huko mashine za aina hii zikatoweka madukani. Kwetu zimeendelea kuuzwa zikiwa mpya, kwa sababu mvuvi anapima hatari mbili: moshi leo, au mashine asiyoweza kuifungua ikiwa imezima katikati ya mkondo. Hadi sasa amechagua ile anayoweza kuifungua, na mtu aliyewahi kuchukuliwa na mkondo hatamlaumu.

Pikipiki baada ya amani

Bara, pikipiki zilichelewa. Wilaya ya Macomia ndiyo yenye Chai, mahali ambapo tarehe 25 Septemba 1964 Frelimo ilifyatua risasi za kwanza za vita vya ukombozi. Baada ya uhuru wa Juni 1975 vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Miaka hiyo yote njia zilikuwa za kutembea, au za msafara wenye ulinzi.

Amani ilipofika, sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Afrika ilikuwa tayari imeshaizoea pikipiki ya kazi ya Kijapani: Yamaha DT, Honda XL, Suzuki TF, na zaidi ya zote Yamaha AG100, iliyobuniwa miaka ya 1970 kwa wafugaji wa Australia na New Zealand. AG100 ina injini ya mipigo miwili ya cc 97, cheni iliyofunikwa pande zote mchanga usiingie, fremu za chuma za kubebea mizigo mbele na nyuma, na pampu inayochota oili yenyewe kutoka tangi lake ili mwendeshaji asikosee vipimo. Bwana shamba, mtoa chanjo na mkaguzi wa shule walipewa pikipiki hiyo kwa sababu ilikubali kulala nje, kuvushwa mtoni ndani ya mtumbwi na kuwashwa kwa kiki moja asubuhi.

Hata hivyo chuma peke yake hakitoshi, na Lesotho ilithibitisha hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waingereza Barry na Andrea Coleman, watu wa ulimwengu wa mashindano ya pikipiki, waliona sehemu mbalimbali za Afrika pikipiki za misaada zikioza uani baada ya kutumika muda mfupi tu. Mwaka 1991 wakaanza jaribio Lesotho na pikipiki 47 za huduma za afya: kila mwendeshaji alifundishwa kukagua oili, cheni, hewa na plagi kila siku, na kila kipande kilibadilishwa kabla hakijakatika. Kwa miaka saba, katika milima ile, hakuna hata moja iliyoharibika njiani. Shirika la Riders for Health lilikua kutokana na somo hilo. Pikipiki zilikuwa zile zile zilizokuwa zikifa kwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pikipiki haina ubaguzi katika sheria hiyo.

Pikipiki iliyobadilisha kabisa historia yetu ni nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walizunguka nchi zikiwamo Iran, Pakistan na Thailand kuona pikipiki zao zinavyotumiwa. Waliona watu watatu juu ya kiti kimoja, magunia nyuma, vumbi, na oili isiyobadilishwa kwa mwaka mzima. Injini za Honda za wakati huo zilikuwa na kemshafti juu ya silinda, nayo ilikuwa ya kwanza kulika oili ikipungua au ikichafuka. Wahandisi hao hawakumlaumu mteja. Walirudi kwenye mtindo wa zamani zaidi: kemshafti chini, karibu na oili, na fimbo mbili nyembamba za kusukuma valvu zilizo juu. Hiyo ndiyo CG125. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Haikuwa na kasi ya kujivunia, lakini ilivumilia watu walioishi kama tunavyoishi. Brazil ilianza kuitengeneza Manaus mwaka 1976, na Pakistan inaitengeneza mpaka leo kwa umbo linalokaribiana na lile la kale.

Uzao wa China

Pikipiki ya Kijapani ilibaki ghali mno kwa mtu wa kawaida. Aliyeleta mabadiliko ni China. Viwanda vya Chongqing na kwingineko vilichukua umbo la CG125 na kulizalisha kwa mamilioni, vikabadilisha jina la tangini tu. Kuanzia miaka ya 2000 pikipiki hizo ziliingia Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na Msumbiji, na bodaboda ikawa ajira ya vijana. Tanzania kwa muda watu waliita pikipiki yoyote Toyo, kwa jina la mojawapo ya chapa hizo. Cabo Delgado kijana wa taxi-mota akapata kazi kati ya Pemba, Macomia na vijiji ambavyo daladala haivifiki.

Inama utazame ubavu wa injini ya mojawapo ya pikipiki hizo, karibu na sehemu ya oili. Mara nyingi utaona maandishi yaliyopigwa kwenye chuma: 156FMI, 157FMI, au 162FMJ kwa zile za cc 150. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Hiyo 56 imetoka moja kwa moja kwenye meza za wahandisi wa CG. Fundi anayenunua pistoni, ringi, klachi au gasketi anataja namba hiyo tu, bila kujali chapa, na muuza duka anampa kipande kinachoingia.

Tofauti ipo, na mafundi wataitaja bila kuulizwa. Chuma cha nakala nyingi ni laini zaidi, beringi zinaisha mapema, spoku zinakatika, boliti zinajivua nyuzi. Kinachodumu katika nakala ni umbo, yaani ule mpangilio unaoruhusu kufunguliwa. Uimara wa Mjapani wa zamani ulikuwa na tabaka mbili: ubora wa chuma na unyenyekevu wa ubunifu. China iliuza tabaka la pili kwa bei nafuu, na Afrika ikajaza pengo la tabaka la kwanza kwa kazi ya mikono: kuchonga silinda upya, kutia pistoni ya ukubwa unaofuata, kuchomelea ekzosi, kukereza bushi kwenye karakana ya mjini.

Jambo hilo linatupa pia namna ya haki ya kuzipima Honda na Yamaha za kale. Tunaposema hazifi, tunazitazama zile zilizobaki. Nyingi zilikufa: zilinoki kwa oili chache, zilizama, ziliuawa na mchanga. Zilizobaki hazikuwa na bahati tu. Ukichunguza mashine ya miaka thelathini utakuta pistoni si ya kwanza, plagi ni ya kumi na kitu, kamba ya kuwashia imefumwa na mvuvi, kifuniko kimezibwa kwa fiba. Imedumu kwa kuwa kila kilichokufa ndani yake kiliweza kubadilishwa.

Upepo na risasi

Mtihani mkubwa kuliko yote ulianza tarehe 5 Oktoba 2017, wanamgambo waliposhambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Vita vikaenea vijijini. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth, mojawapo ya vimbunga vikali kabisa kuwahi kurekodiwa Msumbiji, kilitua katika pwani hii ya Macomia, kikang'oa nyumba, minazi na boti. Watu hawajamaliza kuezeka upya, mwaka 2020 vita vikazidi. Mocímboa ilivamiwa Machi 23, Quissanga Machi 25, na ndani ya mwaka huo huo Quiterajo nayo ilivamiwa na wakazi wake wakatawanyika.

Barabara zilipokuwa za mauti, bahari ikawa mlango wa kutokea. Kuanzia katikati ya Oktoba 2020, ndani ya majuma machache, zaidi ya watu elfu kumi walifika kwa vyombo ufukweni Paquitequete, mjini Pemba, wengine baada ya siku kadhaa majini bila chakula cha kutosha. Vyombo vingi vilikuwa vya tanga, vingine vya mashine, vyote vikiwa vimejazwa kupita kiasi. Si wote waliofika. Mwishoni mwa mwezi huo chombo kimoja kilichobeba wakimbizi kilizama katika visiwa hivyo na makumi ya watu wakafa. Katika siku kama hizo swali la kama mashine itawaka au haitawaka halihusu starehe wala biashara. Mwenye mashine ya zamani aliyekuwa na plagi ya akiba, kipande cha kamba na lita chache za mafuta aliweza kwenda, kurudi na kwenda tena.

Vita hivyo hivyo viliharibu pia kile kilichozidumisha injini. Wanamgambo nao walitumia pikipiki na boti, kwa hiyo wavuvi wakawekewa vikwazo vya kwenda baharini na mwenye pikipiki akatazamwa kwa shaka. Maduka ya spea yalichomwa pamoja na miji. Mafundi walikimbilia Pemba, Metuge, Nampula na Tanzania, na mwanafunzi aliyekuwa anashika taa wakati bwana wake anafungua krenki akabaki bila bwana. Majeshi ya Rwanda na ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika yaliingia mwaka 2021, Mocímboa ikarudishwa Agosti 8 mwaka huo, na watu wa pwani wakaanza kurejea mafungu kwa mafungu. Hatari haijakoma: mji wa Macomia wenyewe ulivamiwa tena tarehe 10 Mei 2024.

Kipimo cha kesho

Wanaorejea pwani hii wanahitaji nyumba, shule, zahanati na nyavu, na wafadhili wanajua kuorodhesha hivyo. Kwenye orodha hiyo mara chache huwekwa gereji. Lakini bila fundi aliyerudi na kisanduku chake, kila mashine itakayotolewa msaada itafuata pikipiki zile zilizooza uani. Kijana akifundishwa kusoma plagi, kwamba ya kahawia ni nzuri, nyeusi imezidi mafuta, nyeupe imezidi joto, ataokoa vyombo vingi kuliko shehena ya injini mpya. Fedha za kununulia mashine kumi zingenunua nane pamoja na sanduku la ringi, gasketi na vigurudumu vya pampu, na mashine nane zingekuwa hai wakati zile kumi zingekuwa zimekwisha.

Wakati huo huo zama mpya zinabisha hodi. Kigali na Nairobi tayari zina pikipiki za umeme, na hewa ya miji itazishukuru. Siku moja zitafika Macomia, na mashine za boti za umeme zitafika Ibo. Tuzipokee kwa kipimo kile kile ambacho wahandisi wa CG125 walijiwekea walipomtazama mteja maskini bila kumdharau: zikiharibika Quiterajo wakati wa masika, nani atazifungua, kwa spana gani, na kipande kitatoka wapi? Kampuni itakayokuwa na jibu la maswali hayo matatu itastahili imani ya pwani hii, kama Honda na Yamaha za zamani zilivyoistahili. Isiyo nalo ibaki mjini, maana mtu anayesafiri baharini na watoto wake hawezi kupewa chombo ambacho ni mwenye kiwanda peke yake anayeruhusiwa kukielewa.